Nani Hufundishwa Kuokoa Maisha? Tiba ya Dharura Kutoka Muhimbili Hadi Akheri

Ukiitazama kata ya Akheri kwenye ramani utasema watu wake wamebahatika. Iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru, na chini yake inapita barabara kuu ya Arusha–Moshi. Nkoaranga, penye hospitali ya Kilutheri iliyochipuka kutoka misheni ya mwanzoni mwa karne iliyopita, si mbali. Hospitali ya Wilaya ya Meru iko jirani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru iko Arusha mjini, kilomita kumi na kitu kutoka Tengeru, na hospitali ya KCMC ya Moshi inafikika kwa lami tupu. Zipo kata nyingi Tanzania ambazo zingetamani kuwa na nusu ya hayo.

Lakini dharura haisomi ramani. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, saa nane za usiku, masika yamepamba moto na njia ya kitongojini imekuwa tope, anahitaji kwanza mtu wa kutambua kwamba damu ile imezidi kiasi. Kisha anahitaji mtu mwenye gari na moyo wa kushuka nalo mteremko ule. Kisha, akifika, anahitaji mtu asiyemwambia asubiri foleni. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa kinachoua wazazi ni kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Waliandika kuhusu vifo vya uzazi, ila mpangilio wao unamfaa pia kijana aliyepasuka kichwa kwa ajali ya bodaboda, mzee aliyepooza upande mmoja ghafla, na mtoto aliyekunywa dawa ya kunyunyizia nyanya.

Katika kila moja ya kuchelewa huko yupo mtu aliyejua la kufanya, au hakujua. Kwa hiyo anayetaka kupima usawa wa huduma za dharura asianzie kwenye idadi ya vitanda. Aanze na mafunzo: nani anafundishwa, anafundishiwa wapi, na ni ujuzi wa nani unaohesabiwa kuwa somo. Makala hii inatetea hoja moja: kuchanganya watu wa asili mbalimbali darasani ni jambo la lazima, lakini peke yake halitoshi. Mafunzo yenyewe yasiposhuka hadi kwenye jamii yanayokusudia kuihudumia, daktari aliyezaliwa kijijini atakuwa mgeni kijijini.

Taaluma changa, majengo mapya

Tiba ya dharura kama fani inayojitegemea ni changa sana Tanzania. Kwa miaka mingi mgonjwa mahututi alipokelewa palepale anapopokelewa mwenye mafua, akaonwa na daktari wa zamu ambaye mara nyingi ndiye mwenye uzoefu mdogo kuliko wote. Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura kwa msaada wa Abbott Fund, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kikaanzisha mafunzo ya ubingwa wa miaka mitatu. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Mwanzoni walimu wengi walitoka ng'ambo, lakini vijana waliofundishwa pale, wakiwemo madaktari Hendry Sawe na Juma Mfinanga, ndio waliokuja kushika uongozi wa fani hiyo nchini. Ule ni mfano mzuri wa kukabidhiana: mgeni alifundisha, akaondoka, na mwenyeji akawa mwalimu.

Dunia nayo ilikuwa inaamka. Shirikisho la Afrika la Tiba ya Dharura, AFEM, lilianzishwa 2009, na chama cha Tanzania, EMAT, kikafuata 2011. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziweke huduma za dharura ndani ya mpango wa afya kwa wote. Halafu ikaja UVIKO-19. Kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, serikali ilijenga madarasa, visima, na makumi ya majengo ya idara za dharura katika hospitali za wilaya na mikoa.

Majengo yakawahi, watu wakachelewa. Jengo la dharura huweza kusimama kwa mwaka mmoja. Daktari bingwa wa magonjwa ya dharura huhitaji miaka mitano ya shahada ya kwanza, mwaka wa mazoezi, muda wa kazi, na miaka mitatu ya ubingwa. Hesabu ya mabingwa haijafika mahali pa kuweka hata mmoja katika kila hospitali ya wilaya, na wengi wao wanafanya kazi katika miji mikubwa. Kwa hiyo mgonjwa wa Akheri, akishuka usiku, atapokelewa na tabibu, muuguzi, au daktari aliyemaliza chuo juzi. Hao ndio tiba ya dharura ya Tanzania kwa walio wengi, na mjadala wa usawa usiowahusu hao unazungumzia watu wengine.

Funzo la Pittsburgh lililofika Nairobi

Nchini Marekani mjadala wa mchanganyiko wa watu katika mafunzo ya dharura umejikita kwenye rangi, na una sababu zake. Mwaka 1993 Knox Todd na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Los Angeles: wagonjwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliovunjika mifupa mirefu walikuwa na uwezekano maradufu wa kutopewa dawa yoyote ya maumivu kuliko Wazungu waliovunjika vilevile. Mfupa ni uleule, maumivu ni yaleyale, ila jicho la mhudumu lilisoma tofauti.

Lakini kisa chenye manufaa zaidi kwetu ni cha zamani kidogo. Mwaka 1967, katika mtaa wa Hill District mjini Pittsburgh, watu weusi waliougua ghafla walibebwa na gari la polisi, wakatupwa nyuma bila huduma yoyote njiani. Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu za kufufua mtu aliyeacha kupumua, alishirikiana na asasi ya mtaa iitwayo Freedom House. Walichukua wanaume weusi wa mtaa uleule, baadhi yao bila hata cheti cha sekondari, wakawafunza kwa saa 300 hivi na kuwapa magari ya wagonjwa. Walikuja kuwa miongoni mwa wahudumu bora wa dharura nchini humo. Mwaka 1974 daktari Nancy Caroline alijiunga nao kama msimamizi wa tiba, na mtaala walioujaribu barabarani ukawa msingi wa mtaala wa taifa wa Marekani.

Kisha mwaka 1975 jiji likaichukua huduma ile, likaweka vigezo na mitihani ya kwake, na wengi wa wale waasisi wakasukumwa pembeni. Caroline mwenyewe baadaye alihamia Nairobi na kufanya kazi na AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanza 1957 baada ya wazo kuzaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtu wa mtaani, asiyetazamwa kuwa na sifa, anaweza kufikia ubora wa juu akifundishwa kwa bidii. La pili linauma zaidi: mfumo rasmi ukija kurithi kazi ya jamii bila kulinda nafasi za wanajamii, huwaondoa walewale walioianzisha. Tutalihitaji funzo hili la pili tukifika kwa wahudumu wa afya wa vijijini.

Tofauti zetu ziko wapi?

Kuuazima mjadala wa Marekani kama ulivyo kungetupotosha. Katika idara ya dharura ya Mount Meru, daktari na mgonjwa wote ni weusi, na wote huenda ni Watanzania. Lakini umbali kati yao unaweza kuwa mkubwa kwa njia nyingine: mkoa, lugha, jinsia, kipato, elimu, ulemavu, na hata ngazi ya kazi, maana tabibu wa kituo cha afya na daktari bingwa wa hospitali ya taifa huishi katika dunia mbili.

Historia ya ukanda huu inaonyesha jinsi tofauti hizo zilivyojengwa. Misheni za Kilutheri zilipanda milimani, Meru na Kilimanjaro, zikajenga shule na hospitali mapema. Nyanda za wafugaji zilipata kidogo na kwa kuchelewa. Ilipofika zamu ya kuingia sekondari na chuo kikuu, watoto wa milimani walikuwa wametangulia hatua kadhaa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililiona hilo, ikaweka mgao wa nafasi za sekondari kwa mikoa ili mtoto wa mahali penye shule chache asizidiwe na wa mahali penye shule nyingi. Mgao ule ulilalamikiwa sana katika mikoa iliyotangulia. Hata hivyo ulikuwa jaribio la wazi la kusema kwamba sura ya darasa ni suala la haki ya taifa zima.

Akheri inaingia hapa kwa namna ya kushangaza. Kwa upande wa elimu ni ya waliotangulia. Haitakosa msomi, mwalimu au mchungaji katika ukoo. Kwa upande wa dharura bado iko nyuma. Mtoto wa Akheri anaweza kuwa profesa Dar es Salaam huku mgonjwa wa kwao akishushwa mlimani amekaa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda moja. Kama kuwa na wana wa eneo katika vyuo vikuu kungetosha kuleta huduma, miteremko ya Meru isingekuwa na tatizo. Chimbuko la mwanafunzi ni mwanzo mzuri: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na ile iliyohuishwa 2021, linapendekeza kudahili wanafunzi waliokulia vijijini kwa kuwa wana uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Lakini miongozo hiyohiyo inataka pia wafundishwe vijijini, na kwa masomo yanayohusu vijijini. Sehemu hiyo ya pili ndiyo sisi tunaiacha.

Mikono ya kwanza

Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa hai. Kwa bahati, kundi la wageni wa shirika la STEMM la Marekani, wakiwemo wenye ujuzi wa afya, lilikuwa linapita njia hiyo, likasimama na kusaidia. Watoto wale walifikishwa Mount Meru, kisha wakasafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, Iowa, wakatibiwa na kurudi nyumbani miezi mitatu baadaye. Taifa zima lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Ila wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hakuna nchi inayoweza kupanga huduma ya dharura kwa kutegemea nani amepita barabarani siku hiyo.

Miaka saba baadaye, Februari 24, 2024, lori lililoshindwa breki liligonga magari kadhaa Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, na watu 25 wakafa, wakiwemo raia wa nchi mbalimbali. Hapo pia mikono ya kwanza ilikuwa ya wapita njia, wachuuzi, madereva na askari wa usalama barabarani. Ndivyo ilivyo katika karibu kila ajali nchini. Mikono hiyo ina nia njema, lakini humvuta majeruhi kwa mabega kutoka kwenye gari lililopondeka bila kushika shingo yake, humnywesha maji aliyepoteza fahamu, na humlaza chali anayetapika.

Huwezi kuwalaumu, hawakufundishwa. Na kuwafundisha si ndoto. Mjini Kampala watafiti waliwahi kuwafunza watu 307, askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, namna ya kuzuia damu, kulinda njia ya hewa na kumbeba majeruhi, kwa gharama ndogo, na walikuja kuutumia ujuzi huo barabarani. Tanzania yenyewe ina mfano mkubwa zaidi. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, unamwezesha mama mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura kupata usafiri kwa kupiga namba ya bure 115. Gari la wagonjwa likikosekana, mratibu humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na dereva hulipwa kwa simu. Wabunifu wake walielewa kwamba dereva wa noah au wa taksi ni sehemu ya mfumo wa afya, ila alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo wala kulipwa kwa hilo.

Linalokosekana ni kuunganisha vipande. Dereva wa m-mama anaweza kumfikisha mama. Ni nani aliyemfundisha la kufanya damu ikizidi njiani? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni fursa ambayo haijawahi kutokea. Wahudumu hao wakifundishwa kupima presha, kuhimiza vyoo na kuandika daftari tu, tutakuwa na jeshi la afya ambalo halijui kumgeuza ubavu mtu mwenye degedege. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na shirikisho la madaktari wa dharura, kozi fupi ya huduma za msingi za dharura ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio yake. Inafundisha mambo manne makubwa: majeraha, shida ya kupumua, mshtuko wa mwili, na kubadilika kwa fahamu. Kiini chake kinaweza kushushwa hadi kitongojini kwa Kiswahili chepesi. Na hapo funzo la Pittsburgh linarudi: wahudumu hao wasiwe vibarua wa kutumika leo na kuachwa kesho pindi mfumo rasmi utakapoweka vigezo vipya. Wapewe ngazi ya kupanda.

Kitandani: maumivu, lugha na aibu

Tuseme mgonjwa amefika. Idara ya dharura hutofautiana na kliniki nyingine kwa jambo moja: hakuna muda wa kujuana. Daktari wa kisukari atamwona mgonjwa wake mara kumi kwa mwaka na kumwelewa polepole. Wa dharura ana dakika chache, na katika dakika hizo lazima aamue nani aingie kwanza. Ujuzi kuhusu jamii usipokuwa kichwani mwake tayari, hatapata nafasi ya kuutafuta.

Chukua maumivu. Kati ya Waarusha na Wamasai, kijana hulelewa kuvumilia kisu cha jando bila kukunja uso. Kijana huyohuyo akiletwa tumbo limejaa damu baada ya kupigwa teke na ng'ombe au kuanguka na pikipiki, atakaa kimya kwenye benchi. Mhudumu aliyefundishwa kupima maumivu kwa kilio atampita na kumkimbilia anayepiga kelele. Kosa la Los Angeles linaweza kutokea Arusha bila rangi ya mtu kuhusika.

Chukua lugha. Mafunzo ya udaktari ni kwa Kiingereza, wodi huongea Kiswahili, na bibi wa Akheri akichanganyikiwa kwa homa hurudi kwenye Kimeru chake, kama bibi wa Monduli anavyorudi kwenye Kimaa. Anayetafsiri ni mjukuu, mlinzi wa getini, au mfanya usafi. Mjukuu wa miaka kumi na mbili hawezi kumuuliza bibi yake habari za kutokwa damu ukeni. Mke aliyepigwa hawezi kusema ukweli kupitia kinywa cha mumewe. Hospitali inayojua lugha za wagonjwa wake ingekuwa na orodha ya wafanyakazi wanaoongea kila moja, zamu kwa zamu. Ni karatasi moja ukutani.

Chukua ulemavu. Eneo hili la Tengeru lina Chuo cha Ualimu Patandi, chuo cha taifa kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wa viziwi na wasioona. Kuna watu pale ambao kazi yao ya kila siku ni kuwasiliana na mtu ambaye wengine wanadhani hawezi kuwasiliana. Kiziwi aliyevunjika mguu akiletwa hospitalini bila ndugu, atatibiwa kama mtu asiye na akili timamu. Sijui kisingizio cha vyuo vya afya vya mkoa huu kutowaalika walimu wa Patandi kufundisha ishara thelathini za dharura: wapi panauma, unapumua vizuri, una mimba, umekunywa nini.

Na chukua imani. Mwaka 2011 maelfu ya watu, kutoka kwa wanasiasa hadi kwa mafukara, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Wapo waliotolewa kwenye vitanda vya hospitali, na wapo waliofia foleni. Madaktari walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini wachache walijiuliza kwa nini mgonjwa aliiacha hospitali. Kikombe kilikuwa shilingi 500 kwa kila mtu, hakikuwa na fomu, na mtoaji wake alizungumza na watu kwa upole. Tiba haikuwepo, heshima ilikuwepo. Mgonjwa anayeficha kwamba amepitia kwa mganga na kunywa dawa za mizizi anaficha kwa sababu mara ya mwisho alipolisema alifokewa. Kuuliza bila kufokea ni ustadi wa kitabibu, unafundishika na unapimika kwenye mtihani kama kushona kidonda.

Pesa na karatasi

Kuna mafunzo mengine ambayo vyuo huyaona si ya kitabibu kabisa. Majeruhi wengi bado huamini kwamba bila fomu ya polisi ya PF3 hawataguswa, na wapo wanaopitia kituoni damu ikiwatoka. Familia nyingine hukaa nyumbani hadi asubuhi zikichangishana kwa sababu zinajua zitaulizwa malipo ya kuanzia. Misamaha ipo kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Maofisa ustawi wa jamii wapo. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliwekwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Daktari kijana asiyejua kuzitumia njia hizo usiku wa manane, ofisi zikiwa zimefungwa, ataandika dawa sahihi ambayo mgonjwa hatainunua. Amefaulu mtihani na mgonjwa amekufa.

Mlima wenyewe unatoa kipimo cha ukosefu huu wa usawa. Mtalii anayepanda Meru au Kilimanjaro huja na bima, na akizidiwa, helikopta inaweza kuitwa. Mpagazi aliyebeba hema lake ni kijana wa vijiji vya chini ya mlima. Wote wawili huvuta hewa ileile nyembamba.

Je, viwango vitashuka?

Hoja pinzani nzito ni kwamba kupanua milango kutashusha viwango, na katika dharura kiwango kikishuka mtu hufa. Haistahili kupuuzwa. Ila Tanzania ina jibu lake la kihistoria. Tangu 1963 nchi iliwaendeleza matabibu kuwa madaktari wasaidizi, wakafundishwa upasuaji wa dharura. Kwa miongo kadhaa hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Utafiti uliofanyika Kigoma na Mwanza na kuchapishwa 2009 ulikuta kwamba matokeo ya kazi yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada, na tena wao ndio waliokubali kukaa kule. Mafunzo hayo yamekuja kusitishwa, na nafasi waliyoiacha haijajazwa kirahisi. Kilichoonekana ni kwamba kiwango kinalindwa na ubora wa mafunzo na usimamizi. Cheti cha kuingilia kina uzito mdogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Wapo pia wanaosema tusubiri mabingwa waongezeke. Kwa kasi iliyopo, kusubiri huko kunapimwa kwa vizazi.

Nionavyo mimi, mambo manne yanawezekana bila kusubiri fedha za ng'ambo. Kwanza, kila anayesomea ubingwa wa dharura akae miezi kadhaa katika hospitali ya wilaya na vituo vya afya vilivyo chini yake, akipanda na gari la wagonjwa hadi vitongojini, na muda huo uhesabiwe kwenye alama. Pili, wanajamii waingie darasani kama walimu wanaolipwa: mkunga wa jadi, dereva wa bodaboda, mwalimu wa viziwi, mzee wa mila. Tatu, udahili na ufadhili uzingatie alikokulia mtu na jinsia yake, hasa kwa wasichana wa jamii za wafugaji, na uambatane na mkataba wa kurudi kwenye kazi yenye nyumba na umeme. Kumrudisha mtu kwenye kituo kisicho na oksijeni ni kumwadhibu. Nne, wanafunzi wa tiba wanaomiminika Arusha kutoka Ulaya na Marekani kila mwaka wapokelewe kwa masharti ya mwenyeji: wafanye lile wanaloruhusiwa kwao, na taasisi zao zifungue nafasi za mafunzo kwa madaktari na wauguzi wa hapa kwa idadi inayolingana.

Vyuo vitadai kwamba hayo hayapimiki. Yanapimika. Daftari la wagonjwa katika kila idara ya dharura lina jina la kijiji. Hospitali ihesabu, kijiji kwa kijiji, wangapi walifika, baada ya muda gani, kwa usafiri gani, na wangapi walikufa kabla ya kuonwa. Itenganishe wanaume na wanawake, wenye bima na wasio nayo. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kata mbele ya wananchi, na yapelekwe chuoni kama sehemu ya kupima mtaala. Chuo kinachotoa mabingwa kila mwaka huku hesabu za Akheri hazibadiliki kitalazimika kueleza mabingwa hao kinamwandalia nani.